Miaka mitatu ya Kiebrania na Kigiriki seminarini: uzoefu wangu

Watu wanaofikiria kusoma shahada ya uzamili ya theolojia wameniuliza mara nyingi: mkondo wa lugha za Biblia unafaa kweli, au ni kujichosha bure? Nimemaliza mwaka jana. Nilisoma Kiebrania, Kigiriki, Kiaramu kidogo, historia ya Israeli ya kale, na somo la hati za Biblia. Jibu langu ni kwamba nenda, ila nenda ukijua mambo ambayo mimi sikuambiwa. Chuo chenyewe sikitaji.

Nianze na muhula wa kwanza wa Kiebrania, maana hapo ndipo wengi walipoishia. Tulianza ishirini na mmoja, tukamaliza kumi na wawili. Herufi 22 zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto tulizimudu ndani ya wiki mbili, wala hazikumshinda mtu. Kilichotushinda ni majedwali. Mhadhiri wetu wa kwanza alifundisha sarufi tupu. Kila kipindi alileta jedwali jipya la vitenzi, tukakariri, tukatahiniwa Ijumaa, ikifika Jumatatu yameshatoka kichwani. Zilipita wiki kumi kabla hatujasoma mstari hata mmoja wa Biblia yenyewe. Mtu ameacha kazi na ameaga watu wake ili aje asome maandiko katika lugha yaliyoandikiwa, halafu anakaa wiki kumi bila kuyaona. Naliona hilo kuwa kosa kubwa, na nililiandika hivyo kwenye fomu ya tathmini.

Kuna kosa jingine ambalo sidhani chuo kilikuwa na habari nalo. Vitabu vyote vya sarufi tulivyopewa vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Kuna umbo moja la kitenzi cha Kiebrania, lile linaloanza na "va" na kuisukuma hadithi mbele: vayyomer, vayyelekh, vayyar. Kitabu chetu kililieleza kwa sura nzima. Mara kiseme ni wakati ujao uliogeuzwa kuwa uliopita, mara kiseme ni mfuatano, mara kiorodheshe nadharia za wataalamu. Nilirudia sura ile mara tatu na bado sikuelewa. Usiku mmoja nikaweka Biblia ya Kiswahili pembeni, ile ya Union, nikafungua Mwanzo 1:3: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Kiebrania chake ni vayyomer elohim yehi or, vayhi or. Akasema. Ikawa. Ni "ka" yetu ileile, anayoitumia mtoto mdogo akisimulia alivyokwenda, akaona, akakimbia. Na yehi ni "iwe", kitenzi chenye "e" mwishoni, cha kutaka jambo litokee. Kitu nilichokihangaikia wiki tatu nilikuwa nacho kinywani tangu utotoni.

Kuanzia usiku ule nikaanza daftari jipya, Kiebrania upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, Kiingereza nikakiacha nje. Vitenzi vya Kiebrania vina kauli saba kuu, na wenzangu wengi walizikariri kama namba za simu. Sisi tumezaliwa na kauli. Tunasema piga, pigwa, pigana, pigisha, na hatuhitaji mtu atueleze kwamba mzizi ni mmoja. Kiebrania nacho kina akhal, alikula, na kwenye kauli iitwayo hifil kina he'ekhil, yaani alilisha. Ndicho kitenzi cha Kumbukumbu la Torati 8:3, Mungu alipowalisha Waisraeli mana. Kula, lisha. Kauli za lugha hizi mbili hazilingani moja kwa moja, na ukilazimisha zilingane utakosea mitihani. Lakini wazo la kwamba kitenzi kinabadilishwa sura ili kibebe mtendaji mwingine, Mswahili hafundishwi.

Halafu kuna msamiati. Kwa kupitia Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania, tumepokea maneno mengi ambayo mwanafunzi wa Kiebrania anatakiwa kuyakariri. Nefesh ni nafsi. Ruah ni roho. Malakh ni malaika. Dam ni damu, erets ni ardhi, sheva ni saba, tesha ni tisa. Kitenzi katav, aliandika, kina mzizi uleule wa kitabu na katibu. Nilitengeneza orodha ya maneno ya aina hii nikawagawia wenzangu wanaojua Kiswahili, na kadi zetu za msamiati zikapungua. Tahadhari moja tu: undugu wa maneno una mitego. Amar ni kusema, si kuamuru, kwa hiyo ukikutana na vayyomer usiiandikie "akaamuru" kwa sababu ya neno amri. Na nefesh kuna mahali ina maana ya koo au shingo. Katika Zaburi 69 mwenye kuomba analia kwamba maji yamemfika kwenye nefesh. Biblia yetu inasema nafsini, na si kosa, lakini ukiona shingo unamwona mtu anayezama, kidevu kimeinuliwa juu ya maji.

Muhula wa pili tulipata mhadhiri mwingine. Siku ya kwanza aliingia na kitabu cha Yona, akasema sarufi tutaikuta njiani. Hapo ndipo ada yangu ilipoanza kunirudia. Katika sura ya kwanza kuna kitenzi yarad, kushuka. Yona akashuka Yafa. Kisha akashuka ndani ya merikebu. Kiswahili husema mtu hupanda chombo, kwa hiyo kwetu neno hili linapotea bila kosa la mtu. Kisha alikuwa ameshuka mpaka pande za ndani kabisa. Na akiwa tumboni mwa samaki anasema ameshuka mpaka misingi ya milima. Mtu anayemkimbia Mungu anazidi kushuka, na mwandishi amelipanga neno lake hatua kwa hatua. Mhadhiri hakutuambia hayo. Alitupa penseli nyekundu, akasema tuzungushie kila kitenzi kinachojirudia, akanyamaza mpaka mmoja wetu alipoinua kichwa.

Katika mstari wa tano chombo kinaitwa sefinah, neno lisilopatikana mahali pengine popote katika Biblia ya Kiebrania. Nililitambua mara moja: safina! Lakini chombo cha Nuhu, ambacho sisi ndicho tunachokiita safina, Kiebrania kinakiita tevah, na tevah inatumika kwa vitu viwili tu: chombo cha Nuhu, na kile kikapu alimowekwa mtoto Musa mtoni. Fungua Kutoka 2:3 katika Union uone waliotafsiri walivyoandika: kisafina. Walikuwa wameona kwamba ni neno moja, wakatuachia alama. Niliposoma hivyo niliwaombea dua watafsiri wale.

Somo la hati ndilo lililoniogopesha kabla ya kuanza, kwa kuwa nilikuwa nimeonywa kwamba linaua imani. Kwangu lilifanya kazi tofauti. Biblia ya Kiebrania tuliyotumia darasani imechapwa kutoka hati ya Leningrad ya mwaka 1008, yenye alama za irabu ambazo Wamasoreti, wataalamu wa Kiyahudi walionakili maandiko, waliziweka karne nyingi baada ya manabii. Mwaka 1947 magombo yakaanza kupatikana kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, na miongoni mwake lilikuwamo gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita saba, lililoitangulia hati ile kwa takriban miaka elfu moja. Tulipewa picha zake na zoezi la kulinganisha sura ya 53. Kwa sehemu kubwa tofauti ni za tahajia na vitu vidogo, kama vile sisi tungeandika neno kwa "h" au bila "h". Ila katika mstari wa 11 gombo lina neno moja ambalo hati ya Leningrad haina: nuru. Mtumishi anayeteseka ataona nuru. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, nayo ina neno hilo. Nilibaki na ukurasa ule muda mrefu. Nilikuwa nimehofia kukuta maandiko yamechezewa, nikakuta kazi ya mikono ya watu walionakili kwa uangalifu, na mahali walipotofautiana panaonekana wazi, pamewekwa chini ya ukurasa kila mtu apaone. Ni vivyo hivyo kwa Marko 16:9-20, ambayo haimo katika Sinaitikusi na Vatikanusi, hati mbili kubwa za karne ya 4. Nadhani washirika wetu wanastahili kuambiwa hili na mchungaji wao kabla hawajaambiwa na mtu mwenye nia ya kuwatikisa.

Historia ilikuwa na usomaji mwingi kupita kiasi, na nusu ya insha zangu zilirudishwa muhula ukiwa umekwisha, wakati maoni hayanisaidii tena. Lakini kipindi cha mwaka 701 kabla ya Kristo kilifidia mengi. Tulisoma 2 Wafalme 18 sambamba na maandishi ya Senakeribu mwenyewe, mfalme wa Ashuru. Anajivuna kwamba aliteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege ndani ya kizimba. Kila upande unataja kodi: dhahabu, talanta 30 kwa wote wawili, fedha, Biblia inasema 300, Senakeribu anasema 800. Hasemi popote kwamba aliuteka Yerusalemu. Ushindi aliouchonga kwenye kuta za jumba lake la Ninawi ni wa Lakishi, mji mwingine wa Yuda, na mawe hayo yako London mpaka leo. Kusoma maadui wawili wakisimulia mwaka mmoja kulinifundisha kusikiliza ambacho msimuliaji amekiruka.

Kiaramu ni nusu muhula, cha kusomea Danieli kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7 na sehemu za Ezra. Ukikijua Kiebrania hakitakusumbua.

Kigiriki kilifundishwa vizuri tangu mwanzo. Upatanisho wa nomino, kivumishi na kibainishi uliowatoa jasho wengine, kwa mtu aliyezoea kusema "kile kitabu kizuri kimepotea" ni jambo la kawaida. Nyakati ndizo zilizonipa zaidi. Kigiriki kinatofautisha tendo lililotokea likaisha na tendo lililotokea na hali yake bado ipo, na tofauti hiyo sisi tunaibeba kwa "li" na "me". Yesu anapomjibu mjaribu kwa neno gegraptai, Kiswahili kinasema "imeandikwa", na hakuna kilichopungua. Katika 1 Wakorintho 15:3-4 Paulo anataja vitenzi kwa mfululizo. Kristo alikufa, alizikwa, vyote kwa wakati wa tendo lililoisha. Kinachofuata ni egegertai, na hapo Paulo anabadilisha wakati. Pembeni ya ukurasa niliandika kwa kalamu: alikufa, alizikwa, amefufuliwa. Nimeisoma hivyo kwenye mazishi mawili tangu nihitimu.

Kama unajiandaa kwenda, uliza jambo moja kabla ya kulipa ada: wanafunzi wanaanza kusoma maandiko yenyewe wiki ya ngapi? Wakikujibu mwaka wa pili, tafuta chuo kingine. Mwaka wa kwanza usitumie programu zinazochambua kitenzi ukilibonyeza neno. Wenzangu waliozitumia mapema walikwama kwenye mtihani wa mwisho, ambapo kuna karatasi na kalamu tu. Tenga saa mbili kila siku, hata siku ya mapumziko. Na beba Biblia ya Kiswahili darasani. Kwa ujumla naipa shahada hii nne kati ya tano. Ile moja imepotelea kwenye wiki kumi za majedwali.

Sasa tuko wanne tunaokutana kila Jumanne jioni kusoma Kiebrania, ukurasa mmoja kwa wakati. Tumefika Ruthu sura ya pili, pale Boazi anapombariki Ruthu kwa sababu amekimbilia chini ya mabawa ya Mungu wa Israeli. Neno la bawa ni kanaf. Katika sura ya tatu, kwenye uwanja wa kupuria, Ruthu anamwambia Boazi autande upindo wa vazi lake juu yake, na upindo huo nao ni kanaf. Wenzangu hawajafika hapo. Nimenunua penseli nyekundu nne.