Tela la kubebea kijiko kutoka Unga Limited: breki safi, taa za kurudiwa

Nakodisha mashine za ujenzi hapa Moshi: mikisa za zege, kompakta za kushindilia udongo, na kijiko kidogo cha kuchimbia cha kilo 1,700 ambacho wateja wanakipenda kwa sababu kinapenya kwenye viwanja vya migombani ambako kijiko kikubwa hakigeuki. Zamani nilikisafirisha kwa kukodi Fuso, na sehemu kubwa ya faida ikawa inabaki kwa mwenye Fuso. Ndipo nikachongesha tela la kuvutwa na Hilux yangu, kwenye karakana moja ya kuchomelea pale Unga Limited, Arusha. Limeshafanya kazi kiangazi chote, Usa River, Himo, Marangu hadi Rombo, kwa hiyo nazungumzia kitu ninachokijua.

Nililipa zaidi ya bei nilizotajiwa kwingine, na pesa hiyo ilikwenda kwenye breki. Fundi wa karakana nyingine aliniambia, "Mama, hili hata bila breki litakwenda, Hilux ina nguvu." Nikamjibu, "Kwenda litakwenda, fundi. Tukifika Kikafu nani atalisimamisha?" Anayeijua barabara ya Arusha–Moshi anaujua mteremko ule wa Kikafu ukishapita Boma Ng'ombe. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kama 900. Ukitoka huko na mzigo unashuka, na tela lisilo na breki linakusukuma mgongoni wakati wote.

Kitabu cha Hilux yangu kiko wazi: kilo 2,500 kwa tela lenye breki, kilo 750 kwa lisilo nazo. Kila toleo la gari lina namba yake, kwa hiyo soma cha gari lako, usichukue cha jirani. Mahesabu yangu ni haya: kijiko 1,700, ndoo za ziada kama 100, tela lenyewe 620. Jumla 2,420. Limebaki pengo dogo sana, ndiyo maana siruhusu mtu atupie humo mifuko ya saruji "kwa kuwa tunaelekea njia moja".

Breki zenyewe hazihitaji umeme wala mafuta kutoka kwenye pikapu. Ukipunguza mwendo, tela linajisukuma mbele, shingo yake (ile sehemu ya mbele inayoungwa na pikapu) inaingia ndani kwenye bomba lenye shokomzoba, na mwendo huo unavuta waya zinazopanua viatu vya breki ili vishike kwenye magurudumu yote manne. Fundi alinifungulia haba moja (kitovu cha gurudumu) mezani, akanionyesha leningi mpya, yaani bitana ya viatu inayosugua, na namna viatu vinavyopanuka akivuta waya kwa mkono. Tulipolijaribu na mzigo barabara ya Njiro, pikapu ilisimama bila mtikisiko wa kusukumwa. Hapo nawapa maksi zote.

Ila lazima mjue mambo mawili. Kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika muda wote na zinapata moto. Shuka kwa gia nzito tangu juu, usisubiri ufike katikati. La pili, tela hili halijui kwamba unarudi nyuma: ukirudi, breki zinajishika. Karakana imeweka pini unayoichomeka ili zisishike. Ukisahau kuichomoa pini hiyo, unaingia barabarani na tela ambalo halina breki kabisa. Nimeifungia utepe mwekundu mrefu, na kijana wangu haondoki mpaka autazame.

Uzito wa shingoni ndio watu wengi wanauruka, nami nawaomba msiuruke. Shingo inatakiwa ilalie pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Ikiwa nyepesi, mkia wa tela unaanza kuyumba ukikolea mwendo, na ukiyumba unaibeba pikapu. Ikiwa nzito mno, nyuma ya gari inakaa chini na mbele usukani unakuwa mwepesi. Karakana ilikuwa imenichorea mahali pa kuegesha kijiko, lakini niliazima mizani ya magunia kwa mfanyabiashara wa mahindi, nikaiweka chini ya shingo mahali pa tambarare. Ikasoma kilo 130. Tukasogeza kijiko mbele sentimita 20, ikapanda hadi karibu 240. Sentimita 20 tu! Tukapiga rangi nyeupe sakafuni pale minyororo ya kutembelea ya kijiko inapoishia, na dereva yeyote anapaki hapo hapo.

Masikio ya kufungia mzigo yamechomelewa kwenye fremu yenyewe, siyo kwenye bati la sakafu, nami nilipiga magoti kuhakikisha. Kijiko kinafungwa kwa cheni pembe zote nne, mkono umeshushwa na ndoo imelala sakafuni. Mikanda ya kitambaa naitumia kwa mikisa tu, maana kona kali ya chuma inaikata. Cheni mbili za usalama zinapita chini ya shingo zikikingamana, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake na isichimbe lami.

Sasa kasoro. Waya za taa zilipitishwa nje ya fremu na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Barabara ya vumbi ilizimaliza mapema, taa ya breki ya kulia ikafa, na bahati nzuri tulikuwa tunakagua kabla ya kutoka. Nimezirudishia ndani ya bomba la plastiki kwa fundi umeme wa hapa Moshi. Kwa bei ile, kazi hiyo ilipaswa kuwa safi tangu mwanzo. Ngazi za kupandishia nazo ni nzito, zinataka watu wawili, na hakukuwa na mahali pa tairi ya akiba.

Kwa upande wa makaratasi, tela linasajiliwa TRA kivyake, lina kadi yake na namba yake, nami nimelikatia bima. Karakana walinipa nyaraka zao bila kunizungusha. Kumbukeni pia mizani ya barabarani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo hapa kwetu ilianza kutumika 2019, inahusu magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500. Hilux, tela na kijiko vyote pamoja vinafika kama 4,300, kwa hiyo nikienda Himo naingia mizani ya Njia Panda bila kubishana. Trafiki wakinisimamisha wanaangalia taa, rifleta na kadi, tunaagana.

Mwendo nimemwekea kijana wangu 60 hata pale palipo wazi, na 50 kwenye vibao vya 50, ambavyo njia hii ni vingi. Baada ya kilomita chache za kwanza anasimama, anagusa haba kwa kiganja na kukaza nati za magurudumu. Haba moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kuna breki inayong'ang'ania au beringi inayolia njaa ya grisi.

Kama unabeba mikisa tu, tela hili ni kubwa kwako na pesa yake ni nyingi. Mwenye kijiko, jenereta kubwa au trekta dogo, nenda Unga Limited, dai breki za magurudumu yote, ufunguliwe haba uzione. Mimi nimeagiza la pili kwao, la kompakta. Safari hii tumeandikiana: waya ndani ya bomba, ngazi nyepesi, na tairi ya akiba ubavuni.