Miaka sita na begi langu la kazi: kilichonilipa na kilichonila

Napiga picha za kulipwa mwaka wa sita sasa: harusi, picha za watu wa maofisini, na mara mojamoja bidhaa za wenye maduka. Haipiti wiki mtu hajaniuliza anunue kamera gani. Mimi nami niliuliza hivyo hivyo nilipoanza, nikajibiwa kamera tu, nikaenda nikanunua kamera tu. Hasara yake niliilipa kwa awamu.

Bodi yangu ya kwanza, yaani kamera yenyewe bila lenzi, jina lake nalihifadhi, ilitoa picha safi kabisa. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa na nafasi moja tu ya kadi. Siku moja bwana harusi anamvisha mwenzake pete, mimi nimepiga goti mbele yao, nabonyeza, kioo kinaniandikia kwamba kadi haisomeki. Nikazima, nikawasha. Nikaichomoa kadi, nikaifuta kwenye shati kama mtoto anayefuta kaseti, nikairudisha. Ilipokubali, pete ilikuwa kidoleni na watu wameshapiga makofi wakakaa. Picha za asubuhi niliziokoa usiku ule kwa programu ya kurejesha mafaili. Ya pete ndiyo haikuwepo kabisa, na hakuna programu inayookoa picha ambayo haikupigwa. Malipo niliyarudisha yote bila kuombwa.

Tangu hapo mtu akinisifia kamera, swali langu la kwanza ni kadi zinaingia ngapi. Leo natumia Sony a7 III, na ninazo mbili, zote nilizinunua mikononi mwa watu. Ni kamera ya 2018, kwa hiyo vijana huitazama kwa huruma. Lakini kila picha inaandikwa kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Jueni tu kwamba nafasi moja ni ya kadi za kasi zaidi, UHS-II, na nyingine ni ya zile za polepole, UHS-I, hivyo ukiandika kote kuwili unakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole. Mimi sipigi mbio za magari, hainisumbui.

Kwa nini mbili za zamani badala ya moja mpya? Moja inakaa na lenzi ya milimita 35, nyingine na 85, sibadilishi lenzi katikati ya vumbi na watu. Na moja ikianguka, kazi inaendelea. Megapikseli 24 zinatosha: picha ina pikseli 6,000 kwa 4,000, na ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi ya kama sentimita 50 kwa 34. Mteja mmoja tu ndiye aliyewahi kutaka zaidi ya hapo, alitaka bango, na bango halitazamwi kwa pua.

Kilichonifanya nisirudi nyuma ni ile kamera kutafuta jicho yenyewe. Ukiwa na lenzi ya 85 kwenye f/1.8, yaani tundu lake la mwanga liko wazi kabisa, mtu yuko mita 2 mbele yako, eneo lililo kali halizidi sentimita 6 hivi. Jicho likishika, sikio limeshayeyuka. Zamani nilikuwa napiga kumi nikitegemea moja. Siku hizi natupa picha kwa sababu mtu kafumba macho, si kwa sababu fokasi imetua kwenye nyusi. Betri nayo, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera, inafika picha 710, na kwa harusi nzima nabeba mbili kwa kila bodi.

Kwenye lenzi sitakaa sana. Hizo mbili nilizozitaja, FE 35mm f/1.8 na FE 85mm f/1.8, zina gramu 280 na 371. Ile lenzi ya kuvuta mbali, 70-200 f/2.8 GM toleo la kwanza, ina gramu 1,480, na najua kwa sababu nilikuwa naikodi. Ni lenzi nzuri mno. Ni nzuri kwa muda wa saa nne hivi, baada ya hapo bega linaanza kukudai. Mwaka mzima niliihitaji mara tatu, nikaona nikiinunua nitakuwa nimelipia mazoezi ya viungo. Kwa vyumba vidogo na makundi nina Tamron 28-75 f/2.8, haina mbwembwe. Halafu kuna imani kwamba 35 inatanua pua za watu. Si lenzi, ni wewe uliyemsogelea mtu kupita kiasi. Rudi nyuma hatua mbili, pua itarudi mahali pake.

Sasa mwanga, ambako nilijua kidogo nikajifanya najua yote.

Nilianza na taa ya LED ya bei ya kutupa. Picha zikatoka watu wana rangi ya majivu, na midomo kama wamelala nje. Nikailaumu kamera. Nikahangaika na mizani ya rangi, nikahariri hadi usiku, bado. Kumbe taa yenyewe ilikuwa na rangi pungufu, hasa nyekundu, na ngozi ya mtu, iwe nyeupe au nyeusi, bila nyekundu ni maiti. Kwenye LED kuna kipimo kinaitwa CRI, kinachoonyesha taa inavyotoa rangi kwa uaminifu, na mwisho wake ni 100. Siku hizi chini ya 95 hata siulizi.

Nikahamia flashi ya juu ya kamera, naipiga darini irudi chini. Inafanya kazi vizuri mpaka siku unayoingia ukumbi wenye dari ya kijani. Watu mia mbili, wote wana homa ya manjano.

Ninachotumia sasa ni flashi za kusimamisha pembeni, Godox AD200, mbili. Kila moja ina nguvu ya watt-sekunde 200, haina waya, na betri yake inafika kama mipigo 500 kwa nguvu kamili. Sijawahi kuimaliza, kwa sababu nguvu kamili siitumii. Ngoja nieleze, maana hili nilijifunza siku moja nikiwa na mtu mmoja, ukuta mweupe na softiboksi, yaani kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga wa taa, ya sentimita 90.

Taa ilikuwa mita 2 kutoka kwake, na ukuta mita 2 nyuma yake. Paji la uso linang'aa kama kikaango, kivuli cha pua kimekatwa kwa kisu, ukuta umewaka. Nikataka kuizidishia umbali isimchome. Kwa bahati nafasi ya kurudi nyuma haikuwepo, nikaisogeza mbele, hadi mita 1, karibu iingie kwenye fremu. Umbali ukipungua nusu mwanga unazidi mara nne, kwa hiyo nikashusha nguvu ya taa kutoka 1/4 hadi 1/16 ya nguvu kamili. Kile king'aro cha paji kikatanuka kikawa laini, maana kwa uso wake ile softiboksi sasa ilikuwa kubwa kama dirisha. Na ukuta ule ule mweupe ukageuka kijivu. Kabla ukuta ulipata robo ya mwanga wa usoni. Sasa ulipata sehemu moja ya tisa. Sikuwa nimenunua kitu. Nilisukuma stendi.

Nje juani hesabu ni nyingine. Shata ya a7 III, yaani pazia linaloruhusu mwanga uingie, inakwenda sawa na flashi hadi 1/250 ya sekunde. Ukipita hapo pazia halifunguki lote kwa pamoja, unapata mstari mweusi kwenye picha. AD200 ina namna ya kuwaka mfululizo hadi shata ya 1/8000, ila namna hiyo inakula nguvu vibaya sana. Hapo pia dawa ni kuisogeza taa.

Onyo kwa wanaopenda shata ya kimya: niliazima kamera kwa ajili ya mkutano, nikaiweka kimya nisisumbue wasemaji. Nyumbani nakuta picha zote zina mistari ya giza na mwanga kama shuka. Taa za ukumbi zilikuwa zinapepesa na sensa, kile kipande kinachonasa picha, inasoma mstari kwa mstari. Siku hizi napiga picha tano za majaribio kabla mtu hajaingia, nazikuza kwenye kioo, ndipo naamua.

Mwezi huu nimekwenda dukani mara tatu kuishika bodi mpya. Nimeigeuza, nimeibonyeza, nimenusa hata mkanda wake. Wiki iliyopita upepo uliangusha stendi yenye mwavuli, taa moja ikapasuka balbu mbele ya familia nzima iliyojipanga, nikamalizia na ile ya pili bila mtu kuuliza kitu. Nilichotoka nacho dukani mara ya tatu ni balbu na mifuko miwili ya mchanga.