Tingatinga na Kinyago cha Kimakonde

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa kama ile ya baiskeli. Vifaa vya mjini, wateja wa mjini: wengi walikuwa wageni wa Oysterbay, na soko hilo likachangia kuamua kichorwe nini. Chui, tembo, ndege. Alifariki mwaka 1972, wenzake na ndugu zake wakaendeleza.

Kinyago kina mwendo mwingine kabisa. Kwa mchongaji, gogo la mpingo lenyewe lina kauli. Chini ya gome kuna tabaka jeupe, ndani kiini cheusi, kigumu mno. Ukitazama vizuri utaona fundi amefuata mpindo wa mti, goti la mtu likakaa pale penye fundo. Wachongaji wengi walitoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakaja Tanganyika kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Katika kinyago cha ujamaa watu wamebebana kutoka chini hadi juu, ukoo mzima kwenye gogo moja. Wachongaji nao pia waliwauzia wageni, tusidanganyane.

Kwa rangi na uchangamfu, Tingatinga hana mpinzani. Lakini mimi nakipenda zaidi kinyago, kwa kuwa kinadai kitu kutoka duniani: mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Wilayani Kilwa, baadhi ya vijiji sasa vinasimamia misitu yao na kuvuna mpingo kwa mpango. Mnunuzi wa kinyago aulize gogo limetoka wapi.