Wanatangaza nyoka, wanamfukuza mwimbaji wao (uzoefu wangu Kerala)

Nilisema sitoandika, maana mume wangu hunicheka nikiandika na hasira. Lakini kila nikifungua simu nakutana na tangazo la ile nyumba ya wageni tuliyolala, picha ileile, na moto unaniwaka upya. Nyota moja. Sasa nisikilizeni.

Sisi tunakaa Maskati. Tulimpeleka mama mkwe Kochi, mji wa Kerala kule India, kwa matibabu, na alipopata nafuu tukaona tupumzike siku mbili kabla ya kurudi. Kazini nina Chechi mmoja (kwao ndiyo dada mkubwa, nami humwita hivyo) ambaye hachoki kunisimulia tharavadu, nyumba za ukoo za Wahindu wa Kerala: mabanda manne yameungana paa, katikati uwanja wazi, mvua inanyesha ndani ya nyumba nawe umekaa barazani hata tone halikupati. Na kusini-magharibi mwa kiwanja, kavu ya nyoka. Msicheke, kavu kwao ni kijisitu, tena ndipo pabichi kuliko pote pale. Mti haukatwi. Mawe yamechongwa swila waliotanua shingo, na jua likizama huwashiwa taa.

Nyumba yenyewe tuliyofikia, moja ya hizo, nzuri, siwezi kusema uongo. Sakafu nyeusi inang'aa, milango mifupi mpaka mume wangu kagonga kipaji mara tatu. Asubuhi appam, ndugu yake kibibi chetu kabisa. Mngeniuliza saa ile ningetoa nyota tano.

Balaa ni meneja. Tulipofika tu katutoza pesa ya ziada, taslimu, ya kitu anachokiita "usiku wa nyoka": watu wangechora nyoka mkubwa chini kwa unga, mweupe wa mchele, njano ya bizari, mweusi wa makapi ya mpunga yaliyochomwa, na Wapulluvan, waimbaji wao wa nyoka, wangeimba. Nilipompigia Chechi akaguna. "Kile si kiburudisho. Kwetu ni nadhiri, watu wanafunga." Ningemsikia. Jioni ikanyesha, usiku wa nyoka ukaahirishwa, pesa ikabaki mfukoni mwake.

Kesho yake, nadhani ni kesho yake, akaja bibi kizee getini na mtungi. Bibi ni wa hao Wapulluvan, na mtungi wao umewambwa ngozi chini, uzi umevutwa hadi kwenye kijiti. Akiupiga unaguna kama mtu yumo kisimani. Wapulluvan ndio waimbaji wa nyoka, lakini pia hupita nyumba kwa nyumba kuwaimbia watoto, kuwatoa uovu wa ndimi za watu. Husuda, kwa lugha yetu. Mwanangu kasikia, mbio getini.

Na picha ya kwanza kwenye lile tangazo ni nini? Bibi na mtungi. Kama si yeye basi ni dada yake.

Meneja akatoka anapunga mkono, shii, shii, kama anafukuza kuku bandani. Akanigeukia: "Madam, leo si siku ya shoo. Hawa wakizoea hawaondoki." Mama mkwe hajui Kimalayalam wala Kiingereza, lakini mkono ule aliuelewa. "Mwanangu, huyu si mtu mzima?" Meneja akacheka! Kweli, akacheka.

Labda naye ana bosi anayembana. Labda mgeni mwingine alilalamikia kelele. Nimejaribu kumtetea, nimeshindwa. Nyumba hizi zamani zilirithiwa kwa upande wa mama, mjomba akiwa msimamizi tu. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoivunja ile mali ya pamoja. Kina Chechi waligawana, nyumba yao ikauzwa mbao kwa mbao. Hapo Mannarasala, hekalu la nyoka karibu na Haripad, kuhani mkuu mpaka leo ni mwanamke. Halafu huyu mjomba wa kukodi ndiye amfukuze bibi mlangoni?

Tulifunga mizigo. Bibi tulimkuta kituo cha basi, kajikinga mvua. Dereva akatafsiri: anauliza mtoto kazaliwa nyota gani. Nyota hatujui, nikasema Ijumaa usiku. Akatafakari kidogo, akakubali. Akaimba, akalitia jina la mwanangu ndani ya wimbo, kalikosea, mtoto akamsahihisha, akaanza tena mwanzo. Najua mtaniuliza habari ya dini. Mie nilisikiliza wimbo, na kinga zangu nilizisoma kimoyomoyo. Na aliyefungua mkoba kumlipa ni mama mkwe, ambaye nyumbani hataki hata kusikia habari za mganga.

Basi nyota mbili, kwa ajili ya ule uwanja wa mvua. Tatu? Hapana, mbili. Pesa ya usiku wa nyoka hadi leo haijarudi, nimeshamwandikia mara mbili, anasoma hajibu.