Seti ya kushonea tanga: uzi na utepe vimeniridhisha, viraka havikuniridhisha

Kwa misimu miwili nimekuwa nikitumia tanga nililolishona mwenyewe kwa cherehani ya kawaida ya nyumbani. Niliinunua seti ikiwa na kitambaa cha poliesta, uzi, utepe wenye gundi pande zote mbili, na viraka vya kuimarishia pembe za tanga vilivyokwisha kukatwa.

Utepe ndio ulionifaa kuliko vyote. Kitambaa cha tanga huteleza, na pini huacha matundu yasiyozibika. Kwa hiyo kuyagandisha mapande kwanza ndiko kunakozuia meno ya cherehani kulivuta pande moja hadi likawa refu kuliko mwenzake. Niliyapishanisha kwa milimita 20, kisha nikapitisha mistari miwili ya zigizaga, kila mmoja karibu na ukingo. Mshono ulionyooka haufai hapa, kwa sababu haunyumbuki pamoja na kitambaa upepo unapolijaza tanga, na mwishowe uzi hukatika. Taabu pekee ni kwamba gundi huganda kwenye sindano na cherehani ikaanza kuruka mishono. Nilikuwa nikiifuta kwa spiriti kila nilipomaliza mshono mmoja.

Uzi ni wa poliesta, nao hustahimili jua kuliko wa nailoni. Ni wa rangi ya kahawia ilhali kitambaa ni cheupe, jambo ambalo mwanzoni sikulipenda. Sasa nalipenda sana, maana mshono uliochakaa huonekana mara moja.

Viraka ndivyo vilivyoniangusha. Kila pembe ilipewa vitatu vya ukubwa mmoja, nami nikavishona kimoja juu ya kingine kama maelezo yalivyoagiza. Nguvu yote ya pembe hutoka kwenye pete ya kuifungia pembe na kusambaa kitambaani, na matabaka yote yakiishia kwenye mstari mmoja, sehemu nene hukutana ghafla na sehemu nyembamba. Pembe ya chini ya nyuma, panapofungwa demani (kamba ya kuliongozea tanga), ilianza kujikunja papo hapo kwenye ukingo wa viraka, kisha matundu ya sindano yakarefuka.

Niliifumua pembe hiyo yote. Nilikata viraka vipya, kikubwa, cha kati na kidogo, kila kimoja kikiishia sentimita 4 ndani ya mwenzake, na nikahakikisha mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) wa kila kiraka unafuata mtande wa tanga, kwa kuwa kitambaa kinachovutwa kimshazari hulegea upesi. Palipokuwa na matabaka manne nilibadilisha sindano namba 16 nikaweka namba 18, nikalizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu kwa tundu. Mkunjo haujarudi tangu hapo.

Uzi na utepe wa aina hii nitavinunua tena, lakini vikiuzwa peke yake. Pembe ya juu bado ina viraka vya awali, nami nitavifumua kabla ya msimu ujao.