Tathmini ya kituo cha kulelea watoto: niliyoyaona, na ambayo leseni haikuniambia

Mwanangu wa miaka mitatu amemaliza muhula mmoja katika kituo hiki, na kabla sijalipa ada ya muhula wa pili nimeona ni haki niwaeleze wazazi wenzangu niliyoyashuhudia, kwa kuwa mimi nilipokuwa nikitafuta kituo sikupata chochote cha kunisaidia isipokuwa sifa za majirani.

Langoni ndipo kituo kilipoanza kunishawishi. Mtoto hatoki mpaka mlezi wa zamu alinganishe sura ya anayemchukua na picha iliyobandikwa daftarini, na siku nilipomtuma mdogo wangu bila kutoa taarifa, alisubirishwa nje hadi nilipopigiwa simu na kuthibitisha. Alirudi amenuna, nami nikashukuru. Chumba cha mwanangu kina watoto kumi na wawili na walezi wawili, na hakuna mlezi anayejifungia peke yake na mtoto. Chakula na michezo vinaridhisha.

Kasoro niliyoikuta ni ya mtandaoni. Kila Ijumaa kituo kiliweka picha za watoto kwenye ukurasa wake wa Facebook ulio wazi kwa yeyote, wakiwa na sare yenye jina la kituo na majina yao yakiwa yameandikwa chini. Mtu asiyewajua aliweza kupata sura ya mtoto, jina lake na mahali atakapokuwa saa sita mchana kwa kutazama mara moja tu. Nilipolalamika, mwenye kituo aliziondoa siku iyo hiyo na sasa huomba idhini ya mzazi kwa maandishi. Hata hivyo jibu lake lilinikaa moyoni: tangu afungue kituo, hakuna afisa yeyote wa serikali aliyewahi kumweleza lolote kuhusu picha. Alikaguliwa vyoo, madirisha na ukubwa wa vyumba, basi.

Hapo ndipo lawama yangu inapohama kutoka kwa kituo. Leseni imetundikwa ofisini ndani ya fremu, lakini haisemi mkaguzi alikuja lini mara ya mwisho, alikuta nini, wala kama rekodi za walezi zilichunguzwa polisi. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba taasisi zinazotunza watoto zinafuata viwango vilivyowekwa na mamlaka husika, hasa vya usalama, afya, idadi na ufaafu wa wafanyakazi, na usimamizi. Mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto, inayosimamia utekelezaji wa Mkataba huo, ilieleza pia, katika waraka wake wa ufafanuzi uitwao Maoni ya Jumla Namba 25, jinsi wajibu wa serikali unavyoenea hadi kwenye mazingira ya kidijitali. Kwa hiyo kuchunguza mlezi na kuweka masharti ya picha si hisani ya mwenye kituo.

Uzembe katika jambo hili umewahi kugharimu maisha. Mwaka 2002, katika mji wa Soham nchini Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari, mtu aliyekuwa ametuhumiwa zaidi ya mara moja kwa polisi wa eneo jingine, na tuhuma hizo hazikumfikia mwajiri wake. Uchunguzi uliofuata ulisababisha mfumo wa kuwapekua wanaofanya kazi na watoto ufumuliwe na kusukwa upya. Huko England, ripoti ambazo Ofsted, idara ya serikali ya ukaguzi, huandika baada ya kukagua shule na vituo vya watoto wadogo huchapishwa, na mzazi huzisoma bure kabla ya kuandikisha mtoto. Mimi ningetosheka na ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Kituo nakipa nyota nne kati ya tano, na muhula ujao mwanangu atarudi. Kwa yeyote anayefikiria kumleta mtoto, aombe kuliona daftari la lango na aulize walezi waliajiriwa kwa kuchunguzwa na nani. Nimeiandikia idara iliyotoa leseni kuomba nakala ya ripoti ya ukaguzi wa mwisho. Nikiipata nitaongeza yaliyomo kwenye tathmini hii.