Kununua simu ya toleo jipya Mbeya: sili ya boksi haitoshi

Maduka mengi ya simu ya Mwanjelwa, Kabwe na katikati ya mji yanauza sili. Muuzaji anaweka boksi juu ya kaunta, anakuonyesha nailoni haijaguswa, na mazungumzo ya ubora yanaishia hapo. Kwa simu iliyokaa sokoni mwaka mzima, hiyo si mbaya, maana matatizo yake yameshajulikana. Kwa simu iliyotoka mwezi huu, sili inathibitisha jambo moja tu: hakuna aliyeitoa kwenye boksi. Kasoro ya kiwandani imefungiwa humohumo ndani ya nailoni.

Kwa hiyo katika makala hii maduka yanapimwa kwa maswali mawili. Je, duka linakuruhusu ukate sili na kuipima simu palepale kaunta? Na kwenye risiti linaandika nini?

Toleo la kwanza linahitaji tahadhari kwa sababu kiwanda chenyewe bado kinajifunza. Agosti 2016 Samsung ilitoa Galaxy Note 7 yenye betri ya mAh 3,500. Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Septemba, ikatangaza kuzirudisha simu zipatazo milioni 2.5 kwa sababu baadhi zilikuwa zinashika moto. Simu walizobadilishiwa wateja, nazo baadhi zikaungua, na Oktoba uzalishaji ukafungwa kabisa. Maelezo yaliyotolewa Januari 2017 yana funzo kubwa kwa mnunuzi. Betri zilitoka kwa wasambazaji wawili. Za mmoja zilibanwa kwenye kona ya juu kulia mpaka sahani ya upande hasi ikajikunja. Za mwingine zilikuwa na ncha kali zilizoachwa na kulehemu, na baadhi zilikosa tepu ya kuhami. Yaani simu zenye jina lilelile zilikuwa na vipuri tofauti na kasoro tofauti. Ndiyo maana jirani yako akisema "yangu iko safi," hajakuambia chochote kuhusu yako.

Kasoro nyingine huchelewa. LG G4 ilitoka 2015, na Januari 2016 LG ikakiri kwamba baadhi zilikuwa na vipuri visivyogusana vizuri kwenye bodi: simu inawaka, inafika kwenye nembo, inazima, inawaka tena, basi inabaki hivyo. Bodi inapata joto na kupoa kila siku, na kiungo cha risasi, yaani pale kipuri kilipolehemewa kwenye bodi, ambacho hakikushika sawasawa kinaachia taratibu. Hakuna kipimo cha kaunta kinachoweza kukamata hilo. Kaunta inakamata kioo, tachi, kamera, chaji, maiki na spika. Yanayobaki, betri na bodi, yanalindwa na karatasi unayoondoka nayo.

Kaunta kwanza. Dakika kumi na tano zinatosha, ila kataa protekta ya bure mpaka umalize. Vijana wa dukani wana haraka ya kuibandika, na ikishabandikwa huwezi kujua kama doa liko kwenye kioo au kwenye gundi. (Simu za kukunja zina sheria yake: ule utando wa juu ni sehemu ya kioo. Aprili 2019 baadhi ya waandishi waliopewa Galaxy Fold kuijaribu waliubandua wakidhani ni protekta, vioo vikafa, na simu ikaahirishwa hadi Septemba.)

Futa kaunta, ilaze simu kifudifudi kwenye kioo tambarare, kwa kuwa nyuma kamera zimechomoza, kisha bonyeza kona moja moja kwa kidole. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, fremu imepinda au betri inasukuma kutoka ndani. Iinue usawa wa jicho uelekee mlangoni kwenye mwanga, uangalie mshono kati ya kioo na fremu. Mwanga ukipenya sehemu moja tu, gundi haikushika hapo, na maji yatapita hapohapo.

Washa, shusha mwanga wa kioo hadi mwisho, fungua picha ya kijivu tupu, ukinge kwa viganja viwili. Upande mmoja ukiwa wa kijani au wa waridi kuliko mwingine, utaendelea kuuona kila usiku. Kwenye Samsung nyingi *#0*# inafungua ukurasa wa vipimo wenye rangi, tachi na spika. Kwa simu nyingine, shika aikoni moja na uibebe polepole kutoka ukingo hadi ukingo, mstari kwa mstari, kama unafagia chumba. Ikidondoka mara moja, kidole kimeteleza. Ikidondoka mara tatu mahali palepale, tachi ya hapo imekufa.

Kamera ipige lebo ya boksi kwa karibu, kisha vuta picha uangalie herufi za kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu wakati tatu ni kali, lenzi imekaa upande. Ukitikisa simu ukasikia mlio mdogo wa kitu kulegea karibu na kamera, usikatae haraka. Kamera zenye kizuia mtikisiko hulia hivyo zikiwa zimezimwa. Maiki zipime zote: ujumbe wa sauti, video, na simu ya spika, kwa sababu kila kazi inaweza kutumia maiki yake. Waya wa chaji uuingize, ugeuze, uingize tena; chaji ikikatika upande mmoja, tundu lina shida. Weka laini yako, piga, na ukiwa hewani funika fremu ya chini kwa kiganja. iPhone 4 ya Juni 2010 ilikuwa inapoteza mtandao ukiishika kona ya chini kushoto, na Apple ikaishia kugawa kava bure.

Mwisho piga *#06#. Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, ilingane na ya boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ulinganishe jina na modeli inayorudi na simu uliyoshika.

Sasa maduka. Mawakala rasmi wa chapa ndio wanaofanya vizuri zaidi: wanakata sili mbele yako, wanakuacha upime, na kadi ya waranti inagongwa muhuri siku hiyohiyo. Bei yao iko juu. Kwa toleo jipya inafaa kulipwa. Kwa simu ya mwaka jana si lazima. Maduka ya mchanganyiko ya Mwanjelwa na Kabwe yana msimamo wa "ukikata sili umenunua." Hoja yao ina uzito, boksi lililofunguliwa linashuka bei. Suluhisho la haki ni kulipa kwanza, kukata sili palepale, na risiti kuandikwa kwamba kasoro ikionekana ndani ya siku saba simu inabadilishwa kwa nyingine. Duka likikataa kuyaweka hayo kwa maandishi, toleo jipya usinunue hapo, hata punguzo liwe la kuvutia namna gani. Iringa mjini na Makambako ni vilevile. Kuagiza Kariakoo ikaja na basi ndiyo njia dhaifu kuliko zote: kuna zaidi ya kilomita 800 kati yako na muuzaji. Ukilazimika, fungua kifurushi ofisini kwa basi huku mtu anarekodi video isiyokatika, kuanzia lebo ya kifurushi hadi IMEI kwenye kioo.

Simu zinazopitia Tunduma au kuletwa mkononi kutoka Dubai zinaweza kuwa halali na nzuri, lakini waranti za watengenezaji mara nyingi huhudumiwa kwenye nchi au ukanda ambako simu iliuzwa rasmi. Muulize muuzaji waranti ni ya nani, yake au ya mtengenezaji. Hayo ni mambo mawili tofauti na wengi huyachanganya.

Baridi ya huku nayo inastahili nafasi yake, kwani Juni na Julai inawatia wasiwasi wanunuzi wengi bila sababu. Betri ya lithiamu ikiwa baridi inatoa umeme kwa shida, hivyo asubuhi ya Uyole asilimia 30 inaweza kuporomoka hadi 12 ghafla, na simu ikishapata joto asilimia zikarudi. Hiyo si kasoro. Makete na Kitulo, ambako jalidi huanguka, usichaji simu iliyolala nje. Iache ndani ipate joto kwanza. Ukiitoa kwenye baridi na kuiingiza jikoni penye moto, unyevu unafanya matone kwenye tundu la chaji na simu inagoma kuchaji. Ielekeze tundu chini kwa nusu saa, usipulize wala kuingiza pamba. Ukungu ndani ya lenzi ya kamera usiotoka kwa siku nzima, huo sasa rudisha dukani. Na kuna kasoro za baridi zilizo za programu: Novemba 2017 iPhone X iligoma kuguswa joto liliposhuka ghafla, na iOS 11.1.2 ikaimaliza. Joto la iPhone 15 Pro la mwaka 2023 nalo lilipunguzwa na iOS 17.0.3. Simu mpya huwa ya moto siku moja au mbili za mwanzo wakati inashusha programu na kupanga picha. Sasisha, subiri siku mbili, ndipo useme imeharibika.

Wanunuzi wanapotea zaidi kwenye hatua inayofuata. Kasoro ikionekana, wengi wanakimbilia kwa fundi. Mafundi wa Mbeya ni hodari, ila simu ya wiki mbili si kazi yao. Fundi akipasha kioo na kuinua kifuniko, gundi ya kuzuia maji imekatika, stika ya skrubu imechanika, na kituo cha waranti kina sababu ya kukukatalia. Kuflashi, yaani kuweka upya programu ya simu, ni hivyohivyo. Hakujawahi kuponya kiungo cha risasi kilichoachia. Wapo pia wanaoiuza haraka kwa mtu mwingine wakinyamaza. Huyo wa pili anabaki na kasoro na hana risiti. Hilo ni dhuluma.

Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" yasikutishe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji dhidi ya bidhaa yenye kasoro, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Utakachohitaji ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la modeli, IMEI (zote mbili kwa simu ya laini mbili) na tarehe. Risiti iliyoandikwa "simu 1" haisaidii. Ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi ile hufifia.

Duka likikubali kuipeleka simu Dar, kabla hujaiachia hamisha picha na namba, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google au iCloud, kisha ifute yote. Ikibaki imefungwa kwa akaunti yako, matengenezo yanaweza kukwama huko. Piga picha kioo na kona nne. Omba karatasi inayotaja IMEI, kasoro kwa maneno yako, hali ya kioo, na tarehe ya kuirudisha, isainiwe na aliyeipokea. Chaja na boksi baki navyo.